Dondoo ya majani ya mpera haitoi duara kwa Streptococcus mutans, karafuu inatoa kubwa mno. Tatizo liko wapi?

Mwanamaabara_Upanga

Habari za muda huu wadau wa maabara na wa afya ya kinywa.

Kundi letu la mwaka wa mwisho linapima dondoo za mimea dhidi ya Streptococcus mutans, bakteria anayeongoza katika kuozesha meno. Tuna majani ya mpera, majani ya mwarobaini, na mafuta ya karafuu ya Zanzibar yaliyonunuliwa Kariakoo. Bakteria wetu ni ATCC 25175 (namba ya aina hiyo kwenye hifadhi ya bakteria ya Marekani).

Hatua zetu hizi hapa. Majani yameanikwa juani mpaka yakakauka, yakasagwa, gramu 50 za unga zikatiwa kwenye mililita 500 za maji yaliyochemka na kuachwa mezani usiku kucha. Yamechujwa kwa kitambaa, halafu kwa karatasi ya Whatman namba 1, kisha maji yakapunguzwa kwenye bafu la maji la nyuzi 80 hadi ikabaki dondoo nzito kama asali. Hiyo tumeiyeyusha kwa miligramu 100 kwa mililita na kuweka mikrolita 20 kwenye diski za karatasi za milimita 6. Mafuta ya karafuu tumeyadondosha yalivyo, bila kuzimua. Sahani ni za aga (jeli ya kukuzia bakteria) ya Mueller-Hinton isiyo na damu, inkubeta ya kawaida, nyuzi 37, saa 24.

Matokeo ya duara, yaani eneo lisiloota bakteria kuzunguka diski: karafuu milimita 24, klorheksidini (dawa ya kusukutua ya hospitali) ya asilimia 0.2 milimita 17, mpera milimita 7 au patupu, mwarobaini patupu. Diski ya maji matupu, iliyo jirani na karafuu, nayo ina duara la milimita 9. Bakteria wenyewe wameota kwa unyonge, utandu mwembamba tu.

Tunaomba kujua: je, mpera tuuondoe? Je, ni sawa kuandika kwamba karafuu ina nguvu kuliko klorheksidini? Na tatu, msimamizi anataka sampuli ya dawa ya kusukutua mwishoni mwa utafiti, lakini ile tuliyotengeneza kwa majani ya mpera imeota ukungu ndani ya chupa ikiwa kabatini. Msaada wenu tafadhali.

---

Kijidudu_37

Karibu. Usiondoe mpera bado, kwa sababu jaribio lenu halijaupima.

Anza na hiyo diski ya maji yenye duara. Maji hayaui bakteria. Kilichotokea ni kwamba mafuta ya karafuu yana yujenoli kwa wingi, na yujenoli hupaa kama mvuke. Sahani ikishafunikwa, mvuke unasambaa chini ya kifuniko na kugusa majirani wote. Kwa hiyo kila duara lililo kwenye sahani hiyo lina shaka, hata la klorheksidini. Mafuta yanayopaa hupewa sahani yao peke yao, na kontroli yake (diski ya kulinganishia) ndani ya sahani hiyo hiyo iwe ni kile kiyeyushi tu.

Pili, milimita za duara hazilinganishwi kati ya vitu viwili tofauti. Duara linaonyesha nguvu ya dawa pamoja na wepesi wake wa kusafiri ndani ya aga. Kitu chenye molekuli ndogo kinasafiri mbali hata kama nguvu yake ni ya wastani. Tena ninyi mmeweka mafuta matupu dhidi ya klorheksidini ya asilimia 0.2, yaani karibu asilimia mia dhidi ya sehemu mbili kwa elfu. Sentensi ya "karafuu inaishinda klorheksidini" isiingie kwenye ripoti kabisa. Mtahini makini ataanzia hapo.

Tatu ni mpera wenyewe. Majani yake yana tanini nyingi na flavonoidi za jamii ya kwasetini. Tanini ni molekuli kubwa na hushikana na protini. Ikitoka kwenye diski inang'ang'ania palepale, haifiki kwa bakteria. Patupu mnaloliona linaweza kumaanisha tu kwamba haikusafiri. Kwa dondoo za majani tumieni mchuzi wa kukuzia kwenye sahani ya vishimo 96, ambako dondoo na bakteria wanakaa pamoja.

Bakteria kuota kwa unyonge ni kwa sababu ya chakula na hewa. Mueller-Hinton tupu haimtoshi streptokoki. Kwa mutans tumieni BHI (chakula cha bakteria cha supu ya ubongo na moyo), aga na mchuzi, na kabondaioksaidi asilimia 5. Kama hamna inkubeta ya gesi, tumieni mtungi wa mshumaa: sahani ndani ya mtungi wenye mfuniko unaobana, pamba yenye maji chini, mshumaa mweupe usio na manukato unawashwa juu ya sahani, mfuniko unafungwa, mshumaa unazimika wenyewe. Mnapata kama asilimia 3, na mutans ataota vizuri. Msihangaike kutafuta damu ya machinjio ya Vingunguti. Damu ya machinjioni inakuja na bakteria wake, na BHI haiihitaji.

Mpangilio wa vishimo, fuateni hivi:

Yeyusheni dondoo kavu kwenye DMSO (kiyeyushi kinachochanganyika na maji), miligramu 200 kwa mililita. Chukueni mikrolita 40 za hiyo na mikrolita 960 za mchuzi wa BHI. Sasa mna miligramu 8 kwa mililita na DMSO asilimia 4. Wekeni mikrolita 100 za mchuzi mtupu kwenye vishimo vyote vya mstari. Ongezeni mikrolita 100 za dondoo kwenye kishimo cha kwanza, changanyeni kwa pipeti, hamisheni 100 kwenda cha pili, na kuendelea hadi cha kumi, halafu 100 za mwisho zitupeni. Bakteria watayarishwe kufikia wingu la McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa uzito wa wingu), kisha wazimuliwe mara 100, ndipo mikrolita 100 ziingie kila kishimo. Kishimo cha kwanza kinabaki na miligramu 2 kwa mililita na DMSO asilimia 1, ambayo haimsumbui bakteria. Cha kumi kina kama mikrogramu 4 kwa mililita. Cha 11 ni bakteria na DMSO ya asilimia 1 bila dondoo, cha 12 ni mchuzi peke yake.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea: tanini hushikana pia na protini za BHI, na mchuzi unakuwa na wingu hata pasipo bakteria. Ukisoma kwa macho utasema wameota. Mkitumia rangi ya resazurini (asilimia 0.015, mikrolita 30 kwa kishimo, msubiri saa 1 hadi 4), polifenoli za majani (kundi la kemikali lenye tanini na flavonoidi) zinaweza kuigeuza kutoka buluu kwenda waridi zenyewe, na hapo tena utasema wameota. Dawa ni moja: kila dondoo iwe na mstari wake wa pili wenye mizimuo ile ile BILA bakteria. Mstari usio na bakteria nao ukigeuka waridi, msiamini rangi. Chukueni mikrolita 10 kutoka kila kishimo, mdondoshe kwenye aga ya BHI, msome kesho yake. Pale ambapo hakuna kinachoota ndicho kiwango cha kuua, na hakuna rangi inayoweza kuwadanganya hapo.

Mkipata dondoo ghafi inayozuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, hiyo ni nzuri kweli. Ikizuia kwenye miligramu nzima na kuendelea, andikeni kwamba ni dhaifu. Matokeo dhaifu yaliyopimwa vizuri yanapita bila shida.

---

Mfamasia_Ilala

Naunga mkono yote hayo, ila tatizo lenu limeanzia kwenye kuandaa majani.

Jua kali linaharibu baadhi ya viambato na linapausha majani. Anikeni kivulini, kwenye wavu ulioinuliwa ili hewa ipite chini, safu moja tu ya majani, mkiyageuza kila siku. Kwa hewa ya Dar, hasa masika, kivuli peke yake hakitoshi, majani yanaota ukungu kabla hayajakauka na ukungu huo unaingia kwenye dondoo yenu. Malizieni kwenye oveni ya nyuzi 40, si zaidi. Jani limekauka likivunjika kama karatasi ukilikunja. Likipinda tu, bado. Kabla ya yote hayo, kata tawi lenye majani na maua kama yapo, lipelekeni hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya idara ya botania pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mthibitishiwe jina na mpewe namba ya kielelezo. Bila namba hiyo, mtu mwingine hawezi kurudia kazi yenu.

Maji ya moto usiku kucha mezani: maji yanatoa tanini na flavonoidi, lakini yanatoa pia sukari, chumvi na wanga. Uzito wa dondoo unaongezeka huku nguvu kwa miligramu ikishuka. Na maji yaliyopoa mezani usiku mzima kwenye joto letu ni uji wa bakteria. Halafu mkachemsha tena kwa nyuzi 80 kwa masaa. Tumieni ethanoli asilimia 70, sehemu moja ya unga kwa kumi (gramu 50 kwa mililita 500), chupa ya rangi ya kahawia, saa 48 hadi 72, mkitikisa mara kadhaa kwa siku. Chujeni, mabaki yarudieni kwa ethanoli mpya mara moja. Ethanoli ya asilimia 96 ingetoa klorofili nyingi zaidi, na ule ukijani unasumbua mnaposoma rangi. Kiyeyushi kiondolewe kwa mashine ya kuzungusha yenye mvuto wa vakyumu, bafu lisizidi nyuzi 40. Maji yanayobaki yaondoeni kwa kugandisha na kukausha, au kwa sahani pana kwenye oveni ya nyuzi 40 mpaka uzito usibadilike. Pimeni, andikeni asilimia ya mavuno, hifadhini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mbali na mwanga.

Kwa diski: ukidondosha dondoo ya ethanoli na kuiweka kwenye aga kabla haijakauka, ethanoli yenyewe inatoa duara. Kontroli ya kiyeyushi ni lazima, ikaushwe muda ule ule.

Karafuu haichanganyiki na mchuzi. Mafuta yanaelea, kishimo kimoja kinapata mengi na kingine hakipati kitu, na majibu yanaruka ruka kila mnaporudia. Ongezeni Tween 80 (kichanganyishi cha mafuta na maji) kidogo, isizidi asilimia 0.5 mwishoni, mchanganye kwa mtikisiko mkali hadi iwe kama maziwa, na kontroli ya Tween 80 peke yake iwepo. Vishimo vifunikwe kwa plastiki ya kunata, kwa sababu mvuke unaruka kutoka kishimo hadi kishimo kama ulivyoruka kwenye sahani yenu. Pia mafuta ya Kariakoo yasiyo na lebo huchanganywa na mafuta ya kupikia mara nyingi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uliache siku nzima: doa la grisi lisilotoweka ni ishara mbaya. Njia ya uhakika zaidi ni kununua karafuu kavu na kuzikamua wenyewe kwa mvuke, saa 3 hadi 4, kwa kifaa cha Clevenger.

Sasa ukungu kwenye chupa. Sukutuzi la maji ya majani ni chakula cha fangasi, litaharibika tu. Na hapa kuna mtego. Vihifadhi vya kawaida kama sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti vinafanya kazi kwenye uchachu, pH chini ya 5 hivi. Lakini enameli ya jino inaanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Ukichachusha dawa ili isiote ukungu, unamsukutulisha mtu asidi asubuhi na jioni. Wengi wanaingia mtego huu kwa kuongeza limau "kwa ladha na kuhifadhi". Limau lina pH kati ya 2 na 3, lisikaribie chupa yenu.

Kwa sampuli ya maonyesho, fanyeni dondoo kavu iliyopimwa kwenye pakiti ndogo zisizopitisha unyevu, inayochanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa pale pale inapotumika, na kinachobaki kinamwagwa. Kwa maabara, chupa iliyochanganywa ikae kwenye friji na isizidi saa 24. Pimeni pH ya kila mchanganyiko, iwe kati ya 6 na 7.

---

Mwanamaabara_Upanga

Asanteni sana wakuu. Tunarudia kuanzia kwenye majani. Maswali mawili yamebaki. Mwarobaini tuuendeleze au tuuache? Na kwenye bango letu la uwasilishaji tulitaka kuweka sehemu ya "matumizi nyumbani", kwa mfano pamba yenye mafuta ya karafuu kwenye jino lililotoboka la mtoto. Inafaa?

---

DaktariMeno_Mbagala

Sehemu hiyo iondoeni kwenye bango, tafadhali sana.

Mafuta ya karafuu matupu yanaunguza fizi na ulimi. Kwa mtoto ni hatari zaidi: watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 wamefikia kupoteza fahamu na kuharibika ini, na hayo yameripotiwa kitabibu. Chupa ndogo ya mafuta inayouzwa mtaani ina ujazo huo au zaidi. Ni kweli yujenoli inatuliza maumivu, na sisi wenyewe tunaitumia ikiwa imechanganywa na zinki oksaidi kama kijazio cha muda. Lakini inatuliza tu. Tundu linabaki, bakteria walio ndani ya dentini hawafikiwi, mzazi anaona mtoto amelala na anaahirisha safari ya hospitali mpaka shavu linavimba. Jino lenye tundu linahitaji kuzibwa. Uvimbe wa uso, homa, au kushindwa kufungua mdomo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mafuta ya mbegu za mwarobaini pia yasitajwe kwa watoto. Yameshasababisha degedege na madhara ya ubongo kwa wachanga walionyweshwa. Ninyi mnapima majani, lakini msomaji wa bango hatatofautisha.

Kuhusu utafiti, naomba niongeze jambo ambalo Kijidudu hakulifikia. Mutans hadhuru jino akiwa anaelea. Anadhuru akiwa ameshika kwenye ukoga, ule utando wa bakteria juu ya jino. Akipata sukari ya mezani, kimeng'enya chake cha glukosiltransferasi kinaigeuza kuwa glukani, gundi inayomnatisha kwenye enameli, na chini ya gundi hiyo anatoa asidi ya laktiki. Dondoo ambayo haimuui lakini inazuia gundi au asidi ina thamani kubwa kwangu kuliko inayoua kwenye kishimo. Dondoo zenye polifenoli nyingi, kama za chai, zimeonyesha uwezo huo wa kuzuia gundi, kwa hiyo mpera una nafasi nzuri hapo.

Pimeni hivi. BHI yenye sukrosi asilimia 1, vishimo 96, dondoo kwenye nusu na robo ya kiwango cha kuzuia, saa 24. Mwageni polepole, osheni mara tatu kwa maji ya chumvi bila kupuliza pipeti chini ya kishimo, maana ukoga unabanduka. Kausheni, wekeni rangi ya kristali vayoleti ya asilimia 0.1 kwa dakika 15, osheni, yeyusheni rangi kwa asidi asetiki ya asilimia 33, someni kwenye nanomita 590. Wakati huo huo, vishimo vingine vipimeni ukuaji wa kawaida. Ukoga ukipungua na ukuaji ukibaki vile vile, mmepata kitu cha kuandikia. Tanini inaweza kushika rangi hiyo yenyewe, kwa hiyo kontroli ya dondoo bila bakteria irudi hapa pia.

Asidi ipimeni kwa pH mita: mchuzi wenye sukrosi na bakteria, na mwingine wenye dondoo, mkisoma saa 0, 4, 8 na 24. BHI ina fosfeti inayochelewesha pH kushuka, hivyo saa za mwanzo zitaonekana hazibadiliki. Angalieni kama ile yenye dondoo inafika chini ya 5.5 na kwa saa ngapi.

Muda wa kugusana nao muuandike. Kishimoni mnatoa saa 24, mdomoni mtu anasukutua nusu dakika hadi dakika moja halafu mate yanaosha. Klorheksidini inasifiwa kwa sababu inashika kwenye meno na utando wa mdomo na kuachia taratibu kwa masaa, ingawa ikitumika muda mrefu inaacha madoa ya kahawia. Fanyeni jaribio la kugusana kwa sekunde 30, dakika 1 na dakika 5, kisha mzimue mara moja na kupanda kwenye aga. Dondoo nyingi zinazong'ara kwa saa 24 zinaanguka hapa, na bora mjue mapema.

Kama mnataka bango liwe na kitu cha nyumbani, wekeni mswaki wa mti. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali unapotumika kimila. Kijiti kibichi kuliko kikavu, kwa sababu baadhi ya viambato vyake, hasa benzili isothiosayaneti ya kwenye mizizi, hupaa kijiti kikikauka. Kimenywe sentimita moja, kitafunwe hadi nyuzi zilegee, kisuguliwe kutoka ufizini kwenda ncha ya jino. Kusugua kwa nguvu kushoto na kulia kunasogeza fizi na kuacha mizizi wazi. Nyuzi zilizotumika zikatwe kila siku. Na bado dawa ya meno yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500 iendelee mara mbili kwa siku, saizi ya punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3, kwa sababu hakuna dondoo kati ya hizo tatu inayorudisha madini kwenye enameli kama floraidi inavyofanya.

---

Kijidudu_37

Daktari amenena. Nilijibu kuhusu kuua tu kwa sababu swali lilikuwa la duara, lakini jaribio la ukoga ndilo ningelipa muda mwingi zaidi.

Mwarobaini uendelezeni, ila kwa dondoo mpya ya ethanoli na kwenye vishimo, gramu zile zile na siku ile ile na mpera ili zilinganishwe kwa haki. Mkiishiwa BHI, punguzeni idadi ya mimea, msipunguze marudio. Kila kipimo kiwe na vishimo vitatu kwa sahani moja na kirudiwe siku tatu tofauti kwa bakteria waliopandwa upya.

Umeme ukikatika usiku inkubeta ikiwa na sahani, andikeni saa na joto mlilolikuta asubuhi. Mutans kwenye nyuzi 30 anaota taratibu, na dondoo dhaifu itaonekana kali bure. Sahani hizo msizitumie.

---

Mfamasia_Ilala

Nyongeza kuhusu sampuli ya kusukutua: msiigawe kwa watu waijaribu, hata wanafunzi wenzenu. Kumpa mtu asukutue ni utafiti kwa binadamu, unahitaji kibali cha kamati ya maadili kabla ya tone la kwanza. Na siku mkitaka kuiuza, njia inategemea mtakachoandika kwenye lebo. Ikiandikwa kwamba inatibu au inazuia ugonjwa, inahesabika dawa. Dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Ikiwa ni kipodozi cha kuburudisha kinywa tu, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kwa sasa kwenye chupa andikeni jina la mmea, sehemu iliyotumika, kiyeyushi, miligramu kwa mililita, pH, tarehe, na maneno "kwa maabara tu".